Malalamiko Dhidi ya Mama Pumzi, Aliyetuondolea Mawazo Bila Kutuuliza

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Gereza,

Kuhusu: Ombi la kurudishiwa mawazo yetu

Natumaini barua hii itakukuta una afya njema na mahali pa kukaa, maana ni ndefu na sipendi uisome umesimama. Mimi ni mfungwa wako, kinyozi wa gereza hili na mnyapara wa chumba cha tatu, yaani kiongozi wa wafungwa wenzangu humo ndani. Unanifahamu. Ndimi niliyekunyoa siku ile kinyozi wako wa mjini alipougua na wewe ulikuwa unapokea mgeni kutoka makao makuu. Ulijitazama kwenye kioo ukasema, "Si mbaya." Neno hilo nimelitunza mpaka leo.

Mimi si mtu wa kulalamika, Mheshimiwa, na faili langu litanishuhudia. Bomba la choo lilipopasuka, nilikaa kimya. Uji ulipokuwa mwepesi kiasi cha mtu kujiona sura humo, nilikaa kimya na baadhi ya wateja wangu wakautumia kama kioo. Lakini hili la Mama Pumzi limenifika shingoni, na nisipolisema nitapasuka.

Kama umesahau kutokana na wingi wa kazi, Mama Pumzi ni yule mshauri uliyetuletea wewe mwenyewe, mara tu baada ya mwenzetu Tingatinga kukataliwa rufaa yake na kuling'oa sinki ukutani. Ulisimama mbele yetu ukasema wafungwa tuna msongo wa mawazo, na kwamba uongozi unajali. Tulipiga makofi kwa sababu askari walikuwa wanatutazama. Alhamisi iliyofuata akaingia mama mfupi, muuguzi mstaafu, amevaa raba, ana begi la kitambaa begani. Jina lake alitutajia, ila kwa kuwa kila akifungua mdomo ni "vuteni pumzi, wanangu, shusheni pumzi," jina lile halikufika hata chakula cha mchana. Anamwita kila mtu mwanangu, hata mfungwa mwenzetu tunayemwita Mwalimu, ambaye ana wajukuu na mvi zisizohesabika.

Kabla hajaja, Mheshimiwa, tulikuwa tunaishi vizuri. Kila mtu alikuwa na mawazo yake na aliyaheshimu ya mwenzake. Aliyelemewa alikuja kwangu, kwenye kigoda changu chini ya tangi la maji, akainamisha kichwa, na mashine ilipoanza kulia kisogoni, naye alianza kuyamwaga. Nilikuwa najua nani mkewe kaolewa, nani shamba lake limeuzwa, nani mwanawe kamsahau sura. Sikuwa na ushauri wowote. Nilikuwa nasema "pole" na "geuza kichwa." Mtu aliondoka mwepesi kwa nywele na kwa moyo, na mimi nilikuwa mtu wa heshima.

Sasa naomba nipange madhara yaliyotokea, moja baada ya jingine.

1. Kupumua.

Tulipoletwa hapa, wote tulikuwa tunajua kupumua. Hakuna hata mmoja aliyeandikiwa na daktari kwamba hajui. Lakini Alhamisi ya kwanza Mama Pumzi alitupanga mabenchi ya bwalo kwa duara, akatufumbisha macho, akatuambia tuvute hewa kwa pua hadi tumboni, tuishike, kisha tuiachie kwa mdomo taratibu. Fikiria, Mheshimiwa, chumba kizima cha wanaume, dirisha moja, wote wanaivuta hewa ile ile kwa wakati mmoja. Walio karibu na dirisha walinufaika. Sisi wa upande wa jikoni tulivuta maharage.

Tulipoiachia, ule mvumo ulisikika mpaka lango kuu. Sajini Filimbi, yule ambaye filimbi haimtoki mdomoni hata akiwa anakula, alidhani ghasia zimeanza. Akapuliza. Kikosi kikaingia na virungu, mlango ukagonga ukuta, na wakatukuta tumekaa tumefumba macho, mikono magotini, wapole kama watoto wanaosubiri kuogeshwa.

"Mnafanya nini nyie?" akafoka Sajini.

Tingatinga ndiye aliyemjibu, macho bado kayafumba. "Tunaachia, afande."

"Mnaachia nini?"

"Kila kitu, afande."

Askari wakabaki wanatazamana. Nadhani mafunzo yenu hayana sura inayohusu jambo hilo. Mmoja wao, wa nyuma kabisa, nilimwona kwa jicho la pembeni akiivuta na yeye kidogo.

2. Kupotea kwa usafiri.

Chumbani kwetu tuna mwenzetu tunayemwita Dereva, kwa kuwa aliendesha basi kubwa la safari ndefu kabla ya yaliyomkuta. Dereva alikuwa na msongo mzuri kabisa, usiomsumbua mtu. Akiwakumbuka wanawe alikuwa anapindua ndoo, anaikalia, anashika usukani asionao, na anaendesha. Anabadili gia kwa mdomo. Kwenye kona anainama. Kwenye matuta anarukaruka pale juu ya ndoo. Tulikuwa tunampa nafasi, na wengine, sisemi nani, tulikuwa tunakaa nyuma yake kwa mstari na kumwomba atushushe pale kwetu. Anatuuliza, "Kituo kipi?" Unamtajia. Anafunga breki, unashuka, unajisikia umefika.

Mama Pumzi alimkuta njiani siku moja. Hakumcheka. Alikaa nyuma yake kama abiria akamuuliza, kwa upole, "Mwanangu, tunaelekea wapi?" Dereva akasema nyumbani. "Huko nyumbani kuna nani?" Yule bwana akazima gari pale pale. Akaanza kuwataja wanawe mmoja mmoja, kila mmoja na anachopenda na anachoogopa, mpaka sauti ikakatika. Tangu siku hiyo Dereva anawaandikia wanawe, nao wanamjibu, na wa mwisho anamchorea mabasi ambayo ameyabandika ukutani. Ana furaha sana. Lakini basi halitembei tena, Mheshimiwa. Ndoo imerudi kuwa ndoo. Je, sisi abiria tulifikiriwa?

3. Tingatinga.

Hapa naomba uiweke kalamu chini.

Unamjua Tingatinga alivyokuwa. Kifua kile, mikono ile. Foleni ya chakula ilinyooka kwa sababu yake, bila askari kutia neno. Mtu akitaka kuleta vurugu alikuwa anaangalia kwanza Tingatinga yuko wapi. Kwa ufupi, alikuwa mali ya gereza.

Mama Pumzi alimfundisha kuomba radhi. Mheshimiwa, huyu mtu akianza jambo hajui kuliacha nusu. Aliomba radhi chumba kizima, kitanda kwa kitanda. Akaenda jikoni kumwomba radhi mpishi mkuu kwa maneno aliyowahi kumtolea kuhusu mboga, na kwa kuwa maneno yale yalikuwa mengi, na alitaka kuyarudia yote ili kila moja aliombee radhi kivyake, tulikula jioni kile kilichokuwa cha mchana. Aliporudi alimkuta fundi bomba anaweka sinki jipya. Akamwomba radhi fundi. Halafu akaliomba radhi sinki.

Hilo ningelivumilia. Lakini ikaja siku afisa ustawi alipoingia chumbani na karatasi mkononi, hatazami mtu, akamwita Tingatinga pembeni. Sote tulijua. Uso wa afisa ustawi unajulikana. Mama yake Tingatinga alikuwa amefariki na ameshazikwa.

Tulijiandaa kama tulivyozoea. Mwalimu alivua miwani akaificha chini ya godoro. Dereva alilikumbatia sinki jipya ili lisiondoke. Mimi nilifunga wembe wangu kwenye kitambaa nikauketia. Tukasubiri kishindo.

Tingatinga alisimama katikati ya chumba, akavuta ile hewa yao ya tumboni. Akaishusha. Kisha akakaa sakafuni kama kifurushi, akasema, "Jamani, nishikeni."

Hatukujua tufanyeje. Kumshika tulikuwa tunajua, lakini kwa kumzuia, siyo kwa hivyo. Mwalimu ndiye aliyetangulia, akamshika bega. Kisha Dereva akaliacha sinki. Kisha sote, mkono kando ya mkono, kwa kuwa yeye ni mpana na nafasi ilikuwa ya kutosha. Alilia, Mheshimiwa. Alilia mpaka mashati yetu yakalowa, na katikati ya kilio akatusimulia kwamba utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, mwembamba, na mama yake alikuwa anambeba mgongoni hata alipokuwa mkubwa wa kutembea, huku akimwita Kijiti. "Kijiti changu, kula. Kijiti changu, usikimbie utavunjika." Mtu wa mwisho duniani aliyemwita hivyo ndiye huyo aliyezikwa.

Kisha Mwalimu, kwa sauti ile ya darasani, akasema, "Kijiti, njoo unawe uso, kisha ule."

Naye akanawa, akala.

Sasa wewe niambie. Gereza litalindaje nidhamu wakati mtu anayeogopwa kuliko wote anaitwa Kijiti na anaitika? Vijana wapya wanaingia wakitetemeka, wanaulizia mbabe ni nani, tunawaonyesha, na yeye anawauliza kama wamekula. Sinki halijavunjwa tangu wakati ule, na fundi bomba ameanza kusema hapa hakuna kazi.

4. Maambukizi kwa askari.

Sajini Filimbi alipangwa kukaa mlangoni wakati wa kikao, kwa ulinzi. Alhamisi moja kiti chake kilikuwa mlangoni. Iliyofuata kilikuwa kimesogea kidogo, akasema ni kwa ajili ya jua. Iliyofuata alisema ni upepo. Hatimaye jua na upepo vikamfikisha ndani ya duara, katikati ya Dereva na mwizi wa ng'ombe, na siku hiyo alinyoosha mkono.

Alitusimulia kwamba mkewe amemwambia hataki tena kuitwa kwa filimbi. Akasema kwake watoto hupanga mstari kabla ya kuoga na kuhesabiwa baada ya kuoga. Mama Pumzi akamuuliza anajisikiaje kuhusu hilo. Akafikiri sana, akasema, "Njaa." Tukacheka, na yeye akacheka, halafu akainamisha kichwa akasema kwamba mwakani anastaafu, na hajui atakuwa nani asubuhi ile ambayo hakuna mtu wa kumhesabu. Mwizi wa ng'ombe akampa leso.

Unaliona tatizo, Mheshimiwa? Tangu hapo wafungwa wana wasiwasi na Sajini. Akichelewa zamu, tunaulizana kulikoni. Alipougua mafua, chumba kizima hakikutulia. Alipotuambia kwamba amewaruhusu wanawe waoge bila mstari, tulimpigia makofi, na hakuna askari aliyetuamuru. Sisi tumehukumiwa kila mtu kwa kosa lake. Hakuna hakimu aliyetuongezea adhabu ya kumwonea huruma askari. Huo ni mzigo wa serikali na tunaubeba bila sare.

5. Madhara yangu binafsi.

Nimeyaweka mwisho ili usinione mbinafsi.

Kazi yangu imekufa. Nywele bado zinaota, sikatai, lakini watu wanakuja kigodani wakiwa wameshayamwaga yote Alhamisi. Wanakaa, wanasema "punguza pembeni tu," na wanapiga mluzi. Mimi niliyekuwa kisima cha siri za watu sasa naambiwa habari za hali ya hewa.

Na baya zaidi ni kwamba wameanza kuniuliza mimi.

Juzi Tingatinga (siwezi kumwita lile jina jingine, ulimi wangu unakataa) alikuja kunyolewa. Nikaanza kisogoni. Akasema, "Na wewe, Kinyozi, unaendeleaje?"

"Salama," nikasema.

"Hiyo ni ya mlangoni. Ndani je?"

Mheshimiwa, mashine ilipanda. Ilianzia kisogoni ikatokea utosini, ikaacha barabara nyeupe ambayo hata Dereva angeweza kupita na basi lake. Sijawahi kumharibu mteja tangu nishike mashine. Nikaomba radhi. Yeye akapapasa ile barabara, akasema nywele zitaota, nijibu swali.

Sijui kilichonipata. Nilimweleza kuhusu mke wangu. Kila siku ya wageni anakuja, anakaa upande wake wa wavu. Mimi namwambia, "Niko salama kabisa, usiwe na hofu." Yeye ananiambia, "Hata sisi nyumbani ni salama kabisa." Tunatabasamu mpaka mashavu yanauma. Kisha anainuka anakwenda na mzigo wake, na mimi narudi na wangu. Tumekuwa mabingwa wa salama. Lakini mara ya mwisho nilipomwambia niko salama, alinitazama kwa muda, akasema, "Haya." Akainuka akaondoka. Muda wa wageni ulikuwa bado, wake wa wenzangu bado wamekaa. Nilibaki nimeshika wavu. Tangu siku hiyo chakula hakinipiti vizuri, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Tingatinga akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole." Kisha akageuza kichwa mwenyewe, bila kuambiwa, ili niendelee upande wa pili.

Neno langu hilo, Mheshimiwa! Pole yangu mwenyewe, narudishiwa kwenye kigoda changu mwenyewe! Halafu akaongeza kwamba mke wangu akija tena nimwambie kweli. Nikamjibu kwamba mimi ni mwanamume na mnyapara. Akasema yeye pia alikuwa Tingatinga.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

Kwanza, turudishiwe mawazo yetu, kila mtu yake, bila kuchanganya. Kama mengine yameshapotea, tugawiwe mapya kwa usawa, na wagonjwa wapewe mepesi.

Pili, Mama Pumzi ahamishiwe mahali penye watu wenye msongo wa kweli. Bila kukukosea adabu, napendekeza makao makuu. Yule mgeni wako niliyemwona siku ile alikuwa anatafuna kalamu, na kalamu yenyewe haikuwa yake.

Tatu, kama kumhamisha haiwezekani, basi akamatwe. Ameingia gerezani akachukua vitu vya wafungwa bila ridhaa yao, na sheria ya wizi unaijua kuliko mimi. Nimeshafikiria kwamba akifungwa atakuwa nasi kila siku badala ya Alhamisi peke yake, na kwamba hapo madhara yataongezeka mara nyingi. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Bado napendekeza akamatwe.

Nne, bwalo liongezewe dirisha.

Nakuomba unifikishie salamu kwa mama wa nyumbani kwako na watoto. Kwa karani anayepitia barua zetu, nikimshukuru kwa kuzisoma bila kucheka kwa sauti. Kwa mpishi mkuu, ambaye amesamehe lakini mboga haijabadilika. Kwa daktari, kwa mbwa wa lango kuu, na kwa wote wanaoniulizia, kama wapo.

Ni mimi niliyefungwa kwako, mtiifu mpaka nitakapotoka, na baada ya hapo nitaona,

Kinyozi,
Mnyapara wa chumba cha tatu

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaikunja nilipoitwa kwa wageni. Nilikaa upande wangu wa wavu, mke wangu upande wake. Akaniuliza habari. Nikafungua mdomo kusema ile ya siku zote, na mdomo ukasema, "Mke wangu, naogopa. Naogopa utachoka kuja." Alisogea mpaka paji la uso wake likagusa wavu. Kisha akasema, "Kumbe bado umo humo ndani! Mimi nilidhani nakuja kumtembelea mtu mwingine." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akaniambia paa linavuja upande wa jikoni, mama mkwe anamtia wazimu, na mwanetu mdogo amefeli hesabu vibaya sana. Habari mbaya tupu, Mheshimiwa, na sijapata kufurahi hivyo tangu niingie hapa. Tuliongea mpaka tukafukuzwa.

Kwa hiyo naomba barua hii usiifanyie kazi. Kama kanuni zinataka kila barua ifanyiwe kazi, basi fanyia lile la dirisha. Mama Pumzi asiguswe, na kama umeshatia saini ya uhamisho wake, nihamishe na mimi, pamoja na kigoda changu. Alhamisi hii nimeomba kuzungumza wa kwanza.

Halafu kuna jambo nililotumwa niulize. Mke wangu anataka kujua: sisi wa ndani tunaye Mama Pumzi, je, wao wa nje wanajiandikisha wapi?